Mkono Usiohesabiwa

Huko Penalonga, kijiji cha bondeni Uhispania, mtu humjua mwenzake kwa pumzi kabla hajamwona uso. Asubuhi utasikia mluzi mwembamba ukipanda ngazi za kanisa, unasimama, unapanda tena, na bila kuchungulia dirishani unajua huyo ni mzee Xermán anafuata mkate. Ukisikia kikohozi kama cha mtu anayekwaruza ukoko wa sufuria, huyo naye alikata jiwe msumenoni miaka mingi. Balbina Couso alizijua pumzi zote za kijiji, na aliyoijua kuliko zote ni ya kaka yake Edelmiro, maana nyumba zao zilichangia ukuta mmoja. Akilala alimsikia. Akiamka, kabla hata hajatafuta viatu, alitega sikio ukutani kwanza.

Kijiji kizima kilikula kutokana na jiwe. Ni jiwe jeusi, linafunguka kurasa kurasa kama kitabu kilicholowa, na kila ukurasa unakuwa kibamba cha kuezekea nyumba ya mtu fulani huko Ufaransa au Ujerumani. Wanaume walikata magogo ya jiwe kwa misumeno mikubwa, wanawake wakakaa kwenye viti vifupi kuyapasua. Balbina aliingia karakana akiwa bado anaruka kamba. Alikaa kando ya mama yake, patasi mkono huu, nyundo ya mti mkono ule, na siku ya kwanza alivunja kila alichogusa. Mama yake alimtazama tu.

"Ukilipiga kwa hasira linakupa vipande," alimwambia. "Kasirika nyumbani."

Kila msumeno ulikuwa na bomba la maji la kulaza vumbi. Wakati wa joto maji yale yalikuwa raha tupu. Lakini baridi ya bonde la mto Sil si ya mchezo, na ikishuka, maji yaligeuka sindano, vidole vikafa ganzi, na wanaume wakafunga bomba wakakata jiwe kavu. Meneja aliona akatazama pembeni, kwa sababu jiwe kavu lilikatika upesi. Edelmiro alikuwa akitoka humo kope zote za kijivu, anamnyatia dada yake kwa nyuma, anampulizia vumbi shavuni.

"Poda hiyo, bibi harusi. Nani atakuoa bila poda?"

"Nenda kajipake wewe, shetani mkubwa."

Karakana nzima ilicheka. Ndivyo vumbi lilivyoingia Penalonga, kwa utani na kwa vidole vyenye baridi, wala halikupiga hodi.

Kuwa mjumbe wa wafanyakazi hakukuwa kitu Balbina alichokitafuta. Majira fulani ya baridi meneja aliagiza jiko la kuni liondolewe, lile ambalo wanawake walipashia mikono, akisema linakula muda. Balbina aliweka patasi chini, akaenda kukaa juu ya rundo la kuni, akakunja mikono. Hakutoa hotuba. Mmoja akamfuata, kisha mwingine, na mwishoni viti vyote vifupi vilikuwa vitupu na rundo la kuni limejaa wanawake. Jiko lilibaki. Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi ulipofika, mtu alitaja jina lake, mikono ikapanda.

Na kule kura ni mkono. Mkono ulioinuliwa unahesabiwa, usioinuliwa ni hewa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtu aliyenyamaza alikuwa na maana gani, kwa sababu kunyamaza hakukuwa na maana yoyote.

Miaka ilipita. Edelmiro alistaafu, akarudisha ovaroli, akapewa saa ya ukutani na karamu ya pweza. Pumzi ilikuwa bado nzuri. Ilianza kumtoroka baadaye, kidogo kidogo, hata bustani yake ya viazi ikawa mbali kama Madrid. Daktari alipompiga picha ya kifua aliuliza, "Mara ya mwisho ulipimwa lini?" Jibu lilikuwa siku ya mwisho ya kazi. Sheria ilifuata kazi. Ukirudisha ovaroli, unarudisha na haki ya kupimwa, wakati vumbi lenyewe halistaafu, linaendelea na zamu yake humo ndani.

Basi chama kikuu kilipotafuta mtu wa mawe wa kwenda Brussels, kwenye kamati ya kuishauri Ulaya juu ya vumbi la viwandani, Balbina alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Alitaka jambo moja: waliostaafu wapimwe pia, iwe lazima, katika kila nchi. Aliwaahidi wastaafu hivyo mbele ya baa ya kijiji, na mzee Xermán, aliyekuwa kiongozi wao kwa kuwa ndiye mwenye pumzi ya kumaliza sentensi, alimshika mkono.

"Bina, sisi hatutaki sanamu. Tunataka picha ya kifua."

Edelmiro, mrija wa oksijeni puani, alicheka mpaka mashine ikapiga kelele. "Huyu? Hata padri hajawahi kumsikiliza mpaka mwisho. Leo anakwenda kusikilizwa na Ulaya nzima."

Ukumbi wa Brussels ulimshangaza kwa kimya chake. Waajiri walikaa upande wa kushoto, wafanyakazi kulia, watu wa serikali katikati kama mama anayetenganisha watoto. Nyuma ya vioo walikaa wakalimani, na kila neno lilimfikia kupitia hedifoni likiwa na sauti ya mtu mwingine. Mwajiri mnene wa Austria aliongea kwa sauti ya binti mpole. Ukimsikiliza hivyo, hata kumchukia ilikuwa kazi.

Msemaji wa upande wa wafanyakazi alikuwa Lieven, Mbelgiji mrefu aliyetoka viwanda vya kioo, mtu wa kuvua miwani kila alipotaka kusema ukweli. Ndiye aliyemfundisha mila za pale.

"Ndugu Balbina, hapa upande wetu tuna adabu moja," alimwambia wakinywa kahawa kwenye korido. "Mwenye kazi yake ndiye anayeanza kuisemea. Likija suala la ngozi, tunamngoja mtu wa ngozi. Likija la jiwe, tunakungoja wewe. Ukifungua mdomo, sote tuko nyuma yako. Usipofungua, hatukutangulii."

"Kwa nini?"

"Tulishaumizana. Mtu wa meli aliwahi kuwapigania watu wa bandari kitu ambacho wenyewe walikuwa wameshakibadilisha kwa kingine. Ikawa aibu. Humu kila mtu ana biashara yake, na huwezi kujua mwenzako ameuza nini ili apate nini."

Adabu hiyo aliipenda. Aliona ina heshima ndani yake.

Wakaanza kuvutana. Kamati haitungi sheria. Inaandika ushauri, ushauri unakwenda kwa wakubwa, na wakubwa, pande zote zikiwa zimekubaliana, huogopa kuuvunja. Kwa hiyo vita yote ni ya maneno ya ushauri. Waajiri walitaka kipimo cha vumbi kibaki kilekile. Wafanyakazi walitaka kishuke nusu, na maji ya misumeno yapashwe moto wakati wa baridi ili mtu asilazimike kuyafunga. Hili la maji ya moto lilitoka kwa Balbina, na mwanzoni waajiri walicheka. Walikuwa wanacheka bado alipovua glavu na kuwaonyesha kucha zake, na binti mpole wa kwenye hedifoni akasema, kwa niaba ya yule mnene, kwamba labda lingefikiriwa.

Wakapeana. Muda wa kujiandaa ukaongezwa kwa wenye viwanda vidogo, kipimo kikashuka. Faini ikalegezwa, maji ya moto yakaingia. Na mwisho kabisa, baada ya kuachia mambo ambayo hakuyasimulia nyumbani, Balbina alipata sentensi yake: waliostaafu ni lazima wapimwe. Siku hiyo alimpigia Edelmiro simu kutoka korido.

"Wameandika lazima?" kaka yake aliuliza.

"Lazima."

Alisikia mashine ikivuta na kutoa. "Basi nitangoja," alisema.

Hakungoja. Alikufa mwezi wa kumi na moja, wakati wa kuokota kastanya, zile kokwa za kuchoma, asubuhi, akiwa amekaa kitini kwa sababu kulala alishakushindwa. Balbina alikuwa upande wa pili wa ukuta anakoroga supu ya kabichi, na kilichomshtua ni ukimya. Alizima jiko kwanza. Hata baadaye hakuelewa kwa nini alizima jiko kwanza.

Kengele ya kanisa ililia ule mlio wake mzito wa msiba wa mwanamume. Karatasi yenye jina la marehemu ilibandikwa ukutani pa baa na kwenye lango la karakana. Watu wa vijiji vya jirani wakaja bila kuitwa, kwa sababu bondeni mtu hapigi simu kutangaza msiba. Kengele inalia, na anayepaswa kujua anajua. Wazee walikaa chumba cha maiti kwa zamu, wanaingia wawili, wanatoka kutafuta hewa, wanaingia wengine. Obdulia, mjane, alikaa kando ya jeneza na mwanawe Brais, kijana aliyerithi msumeno uleule wa baba yake.

Simu ya Balbina ilitetemeka mfukoni. Alichungulia. Ilikuwa barua pepe ya Lieven kwa wajumbe wote: waajiri wamerudisha rasimu ya mwisho na marekebisho madogo, mwenye pingamizi aseme kabla ya adhuhuri ya kesho, asiyesema amekubali. Ndivyo kamati ilivyofunga mambo yake siku zote. Ilikuwa njia ya haraka, haikudai kikao wala nauli.

"Wifi," Obdulia alinong'ona, "hata leo wanakutaka?"

"Hapana. Ni mambo ya kawaida."

"Basi izime. Edelmiro hakupenda simu mezani."

Aliizima. Alijiambia wenzake wapo, Lieven yupo, sentensi ile ilipiganiwa mbele ya macho yao, na nani angeigusa wao wakitazama? Halikumjia hata mara moja wazo la kuwaandikia kwamba amefiwa. Kengele ilikuwa imelia.

Aliporudi Brussels kwa kikao cha kupitisha ushauri, alivaa nyeusi mpaka soksi. Lieven alimwona mlangoni, akaitazama nguo, akaanza kupunguza mwendo.

Balbina alikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameisoma ndani ya ndege, akairudia, kisha akakaa na kipande cha mkate ambacho hakukila. "Lieven. Hapa palikuwa na lazima."

"Ndiyo."

"Sasa imeandikwa nchi zinaweza kufikiria kuwapima. Zinaweza kufikiria. Hata mimi naweza kufikiria kwenda mwezini."

Lieven alivua miwani. "Tuliona. Sote tuliona, asubuhi ileile. Tukakungoja."

"Mliningoja mimi?"

"Ni jiwe lako. Kila mtu alikuwa na kidole juu ya kitufe, anangoja uanze. Saa zikaenda. Wengine wakasema, labda Balbina amebadilishana nao, labda amepata kitu kwa ajili ya maji ya moto. Hatukutaka kukuharibia."

"Nilikuwa namzika kaka yangu."

Mtu alipita na toroli la vikombe. Walimsubiri apite.

"Hukutuambia," Lieven alisema taratibu.

"Kengele ililia," alijibu, na neno lilipotoka ndipo aliposikia lilivyokuwa dogo katika korido ile, mbali na bonde kiasi kile.

Lieven aliketi kwenye kiti cha ukutani. Alisema pole kwa Kihispania chake kibovu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akamweleza yaliyobaki. Angeweza kusimama ndani ya kikao na kudai sentensi ifunguliwe upya. Haki hiyo anayo. Lakini mila ni moja kwa wote: ukifungua mlango mmoja, waajiri nao wanafungua wao, na yule Mwaustria tangu juzi anatafuta sababu ya kurudisha kipimo cha vumbi kilipokuwa. Maji ya moto yangeondoka yakifuatana nacho.

"Ukisimama, tunasimama," alisema. "Wote, hakuna atakayekuacha. Ila siwezi kukuahidi kwamba tutatoka na chochote."

"Na nisiposimama?"

"Vijana wanapata hewa. Wazee wanapata kufikiriwa."

Aliingia, akavaa hedifoni. Mwenyekiti aliuliza kama kuna neno kabla ya kura, na upande wote wa kulia, mtu wa ngozi, mtu wa meli, mwanamke wa mahoteli, waligeuka kumtazama. Balbina alimwona akilini Xermán amemshika mkono mbele ya baa. Akaona pia msumeno wa Edelmiro, na Brais ameuinamia, na ule mkono wa kulia unaokwenda kwenye bomba la maji kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Hakufungua mdomo. Walipoitwa kupiga kura aliinua mkono wa ndiyo, na wenzake wakainua baada yake, mmoja mmoja, kwa adabu.

Makofi yalipigwa. Binti wa kwenye hedifoni alisema ni siku njema kwa wafanyakazi wa Ulaya.

Kijijini walikuwa wamechelewesha moto wa kastanya kwa sababu ya msiba, wakauwasha alipofika. Kila mwaka vijana huruka moto na kupakana masizi usoni, na wastaafu hukaa mbali, ng'ambo ya barabara, kwa sababu moshi huwamaliza. Wanapelekewa kastanya kwenye karatasi. Balbina alivuka barabara akasimama mbele yao. Obdulia alikuwa hapo pia na sahani magotini, ndani ya nguo nyeusi mpya. Balbina aliwaeleza yote kwa mfuatano: barua iliyokuja msibani, simu aliyoizima, wenzake waliongoja, na mkono alioinua. Hakumtupia mtu lawama, ingawa njia nzima ya kurudi alikuwa amewatafuta wa kuwatupia.

Mzee mmoja alimenya kastanya yake mpaka ikabaki unga.

"Kwa hiyo," Xermán alisema, akavuta pumzi, "wametufikiria."

"Ndiyo, mzee Xermán."

"Nawashukuru." Akavuta tena. "Mimi nilikuwa nimeshaoga kwa ajili ya ile picha."

Wachache walicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaruka kiti hadi kiti kama kawaida yake, na ikabidi wote wangoje kipite. Ng'ambo vijana walikuwa wanaruka moto. Brais aliruka, masizi hadi masikioni, mtu akampigia mluzi.

"Ulimuuza kaka yako," alisema mzee wa kastanya bila kuinua macho.

"Kaka yangu alishakufa," Balbina alisema. "Niliwauza ninyi."

Akawaambia kipindi chake kimekwisha, chama kinauliza kama arudi Brussels au apelekwe mwingine. Wao ndio waliomtuma na wao waamue, kwa namna ya siku zote. "Anayetaka nirudi, ainue mkono."

Aliwatazama mmoja mmoja. Mikono ilikuwa magotini, mifukoni, juu ya fimbo. Xermán alitazama viatu vyake. Balbina alijikuta anajaribu kukisoma kimya kile, kana kwamba ni cha Brussels, ambako kingekuwa ndiyo ya watu wote, na akaona aibu, maana hapa kilikuwa hewa tu, kama siku zote. Alianza kufunga koti lake.

Obdulia aliweka sahani chini akainua mkono.

"Teremsha, Obdulia," Xermán alisema, si kwa ukali. "Huo hauhesabiwi. Hujawahi kukata jiwe."

"Nimelifua vumbi lenu tangu nilipoolewa," Obdulia alisema. "Ovaroli za Edelmiro, na sasa za huyo." Akaonyesha kwa kidevu kule motoni. Sentensi ilikuwa ndefu kwake. Alipoimaliza alikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, na Balbina, aliyezijua pumzi zote za kijiji, hakuwahi kukisikia kabla ya siku ile, au alikuwa amekisikia ukutani miaka yote akidhani ni cha kaka yake.

Wazee nao walikisikia. Hakuna aliyeuhesabu mkono ule, na hakuna aliyemwambia tena auteremshe. Aliuacha juu, wakati moshi wa kastanya unageuka na upepo na kuanza kuvuka barabara kuwaelekea.